Nyasi Zilizokuchelewesha

*3 Machi*
*Kibanda cha vifaa, nyuma ya goli*

Kwa mke wangu mdogo, Kiberiti,

Jumapili nimefunga bao la ushindi. Kwa kichwa. Kiwanja kizima kilisimama, golikipa wa wageni akanitazama kama mtu aliyeona mzimu, na mwamuzi akanyoosha mkono kati. Umri huu! Waambie hao wasichana wenzako huko kwenye timu yenu ya mjini kwamba damu ya mabao umeirithi, hukuiokota.

Haya, acha kucheka, najua hujaamini. Nilikuwa nimelala. Nilikaa kuegemea nguzo ya goli, jua likanibembeleza, nikasinzia, kumbe kichwa kimeingia uwanjani na mwili umebaki nje. Mpira ukaja ukanigonga kwenye upara ukaingia wavuni. Mwamuzi alikubali, wageni wakataka kumla mbichi, na mimi nikaamka katikati ya makelele nikidhani napongezwa. Nikawapungia mkono. Nundu ninayo mpaka leo, njoo uibusu.

Utaniwia radhi kwa karatasi. Simu yangu ilitumbukia chooni na mimi sikuifuata. Na wewe nasikia meneja wenu anafungia simu zenu kabatini kama mnafuga nyoka. Basi tutaandikiana kama wachumba wa zamani, na dereva wa lori la saruji atakuwa tarishi wetu. Mwandiko usiucheke. Darasa la tatu nililisoma mara mbili, ukijumlisha ni la sita.

Sasa habari yenyewe. Katibu wa klabu, yule ambaye tai yake ni fupi kuliko ulimi wake, amepata mfadhili wa kututandikia nyasi za plastiki. Bure kabisa. Alikuja na kipande cha mfano, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ananiletea mtoto mchanga. Nimekiweka mlangoni mwa choo. Kinafuta miguu vizuri mno.

Wanachama watapiga kura mwezi ujao. Wote wanangoja mimi niseme kwanza, maana hizo nyasi nimezikata tangu mama yako anakojoa kitandani, na jina la Fyekeo sikulipata kwa kufyeka ndevu. Mimi nasema hapana. Labda waniviringishe kwanza ndani ya hilo zulia lao.

Lakini wewe ndiye unayekanyaga plastiki kila siku. Nipe ukweli mmoja tu, mke wangu, usiupake mafuta. Ikoje?

Mumeo kwa lazima,
Babu Fyekeo

*17 Machi*
*Bweni la klabu, chumba cha mwisho*

Kwa babu yangu mwenye vipara viwili, kimoja kichwani na kingine kiwanjani,

Shikamoo, na nundu nayo shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka golikipa wetu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja, akaja kunishika paji la uso kama nina homa.

Unataka ukweli? Plastiki ni raha, babu. Mpira unateleza kama uko juu ya meza. Hakuna tope, hakuna shimo, hakuna mbuzi wa jirani aliyesimama kwenye nafasi ya beki. Ukipiga pasi inafika ulikoituma. Siyo kama kwako, pasi inaondoka vizuri, njiani inakutana na kichuguu, inabadilisha dini.

Kocha ananiita Umeme. Nimefunga mechi mbili mfululizo. Hapa naandika nimelala chali, miguu iko juu ya mto, mchana kweupe, kama malkia.

Nikuambie kitu, na usinune. Nyasi zako zilinichelewesha. Ningekulia kwenye plastiki leo ningekuwa mbali sana. Miaka yote nilidhani mzito ni mimi, kumbe kiwanja.

Usije kunitembelea kwa sasa, ratiba imebana. Nitakuja mwenyewe.

Mkeo asiyekupenda,
Kiberiti

*30 Machi*
*Kibanda cha vifaa*

Kwa malkia wa miguu juu ya mto,

Barua yako niliisomea kinyozini, kwa sauti. Nilitaka watu wasikie mjukuu wangu anavyofunga. Nilisoma vizuri, kwa vituo, mpaka kinyozi akasimamisha wembe. Pale pa vipara viwili walicheka, nikawaacha wacheke, utani wa mke na mume haudhuru. Kisha nikafika pale pa nyasi zako zilinichelewesha. Nilikuwa nimeshaianza hiyo sentensi, na sentensi ikishaanzwa mbele za watu ni kama mkojo, huurudishi.

Unajua nani alikuwa kwenye kiti, amepakwa povu mpaka masikioni? Katibu. Alicheka hadi povu likaruka ukutani. Akasema, "Mzee Fyekeo, talaka ya barua hiyo. Hata mkeo amekukataa." Akaniomba aiazime barua. Nikampa. Ningesema nini? Kwamba ni ya siri, na nimeshaitangaza kinyozini?

Tangu siku hiyo nikipita na mashine yangu watoto wanaimba, "Mcheleweshaji! Mcheleweshaji!" Wimbo una mdundo mzuri, najikuta nautembelea.

Sasa nami nikuambie kitu, na wewe nuna ukipenda. Hukuwa Umeme hapa, na sidhani kama ni Umeme huko. Ulikuwa mtoto mwenye miguu kama njiti, ukipulizwa unaegemea. Mpira ulikuwa unakuzidi mbio. Nikawa nakata nyasi za upande wa kulia, upande wako wewe winga, fupi kuliko pengine pote, mpira usikusumbue, na namwagia maji pale alfajiri ili ukianguka uangukie laini. Wageni walidhani mashine yangu ina ugonjwa, inakata upande mmoja. Miaka yote hiyo. Hicho ndicho kilichokuchelewesha.

Lakini nimekusikia. Masikio yangu ni makubwa, hayachagui kinachoingia.

Mcheleweshaji wako,
Babu

*11 Aprili*
*Bweni la klabu*

Kwa dada yangu nesi,

Dada, haya nakuandikia wewe, na babu asiyasikie hata kwa ndoto. Goti langu la kulia limeharibika.

Ilikuwa mwezi wa pili, mazoezini. Nilikata kwenda kushoto, mwili ukaenda, kiatu kikabaki. Njumu ziling'ang'ania plastiki, na goti likawa katikati halijui limfuate nani. Sikupiga hata kelele. Nilisikia mlio kama mtu anayevunja kuni mbali.

Daktari wa klabu alilibonyeza, akasema kano imechanika, siyo yote. Akasema nikiwa na bahati litanibebea mechi moja kwenye ardhi laini inayoachia kiatu. Nikizunguka tena kwenye plastiki kama siku ile, nitafute mkongojo. Nikamuuliza, mbona wenzangu wanacheza hapa mwaka wa tatu hawana neno? Akasema, "Wengine huumia kwenye nyasi, wengine hawaumii popote. Mimi sisemi habari za viwanja, nasema habari za goti lako." Nilimlilia asimwambie meneja, na mpaka sasa hajamwambia, maana hapa kuna sheria: asiyekimbia anakunja mashuka yake anaondoka. Beki wetu mmoja alivunjika kifundo asubuhi, jioni kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine, na godoro bado la moto.

Golikipa amenisaidia. Amewapa kocha na meneja kila uongo wa tumbo la mwezi, ule ambao wanaume wanauogopa. Nikipangwa nacheza dakika chache, nasimama pembeni, naomba mpira usije. Nilikuwa winga, sasa ni nguzo ya bendera. Kocha ananiita Gogo. Mapaja yangu yamechubuka kwa kuangukia hiyo plastiki, yanafanana na ya mtu aliyekalia pasi ya moto.

Sasa sikia. Wateuzi wa timu ya taifa wanafanya mechi moja tu ya kuchagua wachezaji, na wameipeleka wapi? Nyumbani! Kiwanja cha babu, tarehe ishirini na nne Mei. Jina langu limo, kwa sababu ya nilivyocheza msimu uliopita. Dada, mechi moja kwenye nyasi za babu naiweza. Upande ule wa kulia naujua kwa nyayo, ni kama godoro. Nikichaguliwa napelekwa kambini, na kambini wana mpasuaji wao, goti watalishona wenyewe. Nisipochaguliwa sina goti na sina wa kulishona. Unajua hospitali yako ilivyo, unanieleza mwenyewe watu wanavyongoja mpaka wanasahau walichokuja kutibiwa.

Babu nilimwandikia kwamba plastiki ni raha na naruka kama swala. Ningemwambia kweli angepanda lori kuja kumfyeka meneja. Nikamkejeli na nyasi zake pia, ili aamini, maana uongo usio na kejeli yule mzee anaunusa. Na kuhusu ile plastiki ya Katibu, mimi nalala usingizi. Mng'oe babu meno yote, hatakubali.

Mdogo wako,
Kiberiti

*26 Aprili*
*Kibanda cha vifaa*

Kwa Kiberiti,

Kaa chini. Kama umeshakaa, simama, halafu ukae tena vizuri.

Nyasi hazipo. Nimeziua.

Siku ya kura ukumbi ulijaa, watu wamekuja kunitazama nikitukana. Katibu alikuwa na barua yako mfuko wa shati, tayari kunisomea hukumu. Nikainuka kabla yake, nikaichomoa mfukoni mwake, nikaisoma mwenyewe. Nikasema, "Mtoto niliyemlea humu ndani anasema nyasi hizi zilimchelewesha. Nani mwingine mnataka acheleweshwe? Mleteni tumjue." Katibu alibaki amefungua mdomo kama mlango wa banda la kuku. Mikono ikapanda yote, hata ya mtu mmoja aliyekuwa ameingia kuuliza njia.

Kwa kuwa mechi ya wateuzi inakuja, mfadhili hakutaka kungoja. Katapila ilifika Jumatatu. Jembe lake linachuna ardhi kama unavyochuna mbuzi, ngozi inatoka nzima nzima. Nyasi zilijiviringa, mizizi ikatazama juu, myeupe, myembamba, sikujua kama ni mingi hivyo. Dereva akaniuliza, "Mzee, nianzie wapi?" Nikamwambia, anzia kulia.

Alianzia kulia.

Sasa mafundi wanatandika mazulia, wanagundisha mishono, wanamwaga chembe nyeusi za mpira kama kinyesi cha mbuzi. Hapo tu ndipo napaonea raha, angalau pana ukumbusho wa mbuzi wa jirani. Mashine yangu wameiweka nje ya kibanda na kuku wanataga ndani yake. Nimepewa ufagio. Asubuhi ya kwanza, kwa mazoea, niliinyweshea plastiki maji mpaka kona zote nne. Fundi mmoja alicheka hadi akakaa chini, akamwita mwenzake, "Njoo uone, babu anangoja iote!"

Kwa hiyo utakuja kucheza mbele ya wateuzi kwenye plastiki unayoipenda, kwenu, mbele ya watu wako. Hakuna kichuguu kitakachobadilisha dini ya pasi yako. Hii ni zawadi, Kiberiti. Na ni kofi pia, sikufichi. Ipokee kwa mkono au kwa shavu, utakavyo. Ulisema nilikuchelewesha. Haya, njia nyeupe. Kimbia tukuone.

Mfagiaji,
Babu Fyekeo

*5 Mei*
*Bweni la klabu*

Babu,

Sikusalimii.

Uliniomba ukweli mmoja nikakupa uongo. Sikufunga bao. Kocha haniiti Umeme, ananiita Gogo. Goti langu la kulia limechanika tangu mwezi wa pili, na lilichanikia kwenye hiyo plastiki. Daktari ameniambia linaweza kunibebea mechi moja kwenye nyasi laini, na kwenye plastiki nikizunguka vibaya ndiyo basi. Mechi yangu moja ilikuwa hiyo ya tarehe ishirini na nne, na nyasi zangu zilikuwa hizo zako.

Nilidanganya usije huku ukapigana. Lakini wewe! Wewe uliyefunga bao kwa usingizi! Wewe unayedanganya kabla hujasukutua mdomo! Umelala na uongo, umeamka nao, umeula, umeuvaa, na wangu ukakupita machoni hukuutambua? Nilikuandikia nimelala miguu juu ya mto mchana kweupe. Mchezaji gani mzima analala hivyo mchana? Hukuuliza. Ulikuwa unatafuta pa kuumia, ukapaona, ukapanda juu yake ukawika.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwako maishani mwangu mwote. Uwe mkaidi. Kazi uliyoizaliwa nayo. Siku moja tu iliyokuwa na maana, ukaamua kuwa mwelewa.

Eti anzia kulia.

Nitacheza. Goti liende linakotaka kwenda. Likikatika likatike hapo hapo kulia, mbele yako, wewe umesimama na ufagio wako. Nakuambia mapema ili usisinzie. Mlio wake unasikika mbali, utausikia hata na hayo masikio yako ya kubagua.

Na usimwambie mtu yeyote. Ukifungua mdomo, mimi sina babu.

Kiberiti

*16 Mei*
*Kibanda cha vifaa*

Kiberiti,

Barua hii nimeianza mara nyingi kwa mzaha na kila mara mzaha umenikimbia, kwa hiyo isome hivi hivi, imevaa nguo za ndani.

Nilikwenda kwa Katibu. Nilimpigia magoti, na unajua magoti yangu yanavyolia, ilikuwa kama mtu anakanyaga magamba ya mayai. Nikamwomba mechi ihamie uwanja wa shule, kule nyuma ya mashine ya kusaga, bado una majani. Hakuniuliza sababu. Alicheka tu. "Mzee, si ulitusomea mwenyewe? Unataka tuwacheleweshe watoto?" Akawaita na wengine waje kunisikiliza naomba. Nikaomba tena mbele yao. Wakacheka tena. Nilistahili, ingekuwa si mimi ningecheka zaidi yao.

Juzi mteuzi mkuu alikuja kukagua kiwanja. Mama mrefu, alikuwa mchezaji zamani, anatembea kama bado amevaa njumu. Aliibonyeza plastiki kwa kisigino, akaisifia, akaniuliza, "Wewe ndiye babu yake Kiberiti?" Nikamwambia ndimi, na mume pia, inategemea siku. Akacheka. Akasema alikuona msimu uliopita, akasema, "Yule namtaka. Hata kabla ya mechi, yule nimeshamweka. Aje tu akimbiekimbie kidogo watu wamwone."

Nilisimama hapo na ufagio. Nikaona unazunguka, nikaona kiatu kinabaki. Nikasikia ule mlio uliouandika.

Nikamwambia. Goti la kulia, kano, tangu mwezi wa pili.

Alifungua kalamu, akakata jina lako. Akasema, "Asante, mzee. Wengine huficha." Nikataka kumfukuzia nimwambie nilikuwa natania, kila mtu hapa anajua mimi ni mwongo, muulize yeyote. Alikuwa ameshaingia garini. Maisha yangu yote nimesema uongo kwa watu wasio na kalamu, na ukweli nimekwenda kumwambia mwenye nayo.

Usije tarehe ishirini na nne. Hakuna jezi yako. Nimehakikisha.

Ulisema nikifungua mdomo huna babu. Nilikuwa nimeisoma barua yako vizuri, safari hii. Niliufungua nikijua.

Fyekeo

*8 Juni*
*Nyumba za wafanyakazi wa hospitali*

Babu, shikamoo.

Ni mimi, dada mkubwa, nesi. Kiberiti yuko kwangu. Hataki kukuandikia, na mimi nakuandikia kwa sababu ni vibaya mtu kuishi bila kujua alichofanya.

Mteuzi alimpigia kocha wao kumlalamikia kwa nini amefichwa goti la mchezaji. Kocha akamfuata meneja. Saa ile ile Kiberiti akaambiwa akunje mashuka. Golikipa alimsindikiza mpaka getini, naye akafokewa kwa kumfichia siri. Alifika kwangu na mfuko mmoja, mguu umevimba kama mtungi, maana alitembea kutoka stendi kwa hasira.

Kuna jambo hukulijua, babu. Mteuzi alishamtaka, umeandika mwenyewe. Wachezaji wakishachaguliwa wanapelekwa kambini, na kambini kuna mpasuaji wa timu. Wanapimwa kabla ya kuanza mazoezi. Goti lingeonekana, lingepasuliwa, lingeshonwa, na angengoja akiwa mikononi mwao. Siku ile ya mechi angetembeatembea dakika chache, wakamtoa, na angekuwa ndani. Aliyafikiria yote hayo. Alikuwa ameyapanga vizuri kuliko alivyokueleza kwa hasira.

Hukulijua kwa sababu hukuuliza. Wewe huulizi, babu. Wewe unasimulia.

Hapa hospitali tumemwandikisha apasuliwe. Watu walio mbele yake wanazidi walioko nyuma, na kila siku anaingia mwingine aliyegongwa na gari, anapelekwa mbele. Uvimbe umepungua. Anatembea. Kukimbilia basi anakimbilia, bora liwe limesimama mbele yake moja kwa moja. Kugeuka ndiyo hawezi. Nimemtafutia kazi ya kufua nguo za wodini, mashine iko upande mmoja na kamba upande mwingine, hakuna kona.

Ameniambia nikuandikie kwamba umekufa. Mimi neno hilo silitamki kwa mzee, kwa hiyo naandika tu kwamba alilisema.

Mjukuu wako,
Nesi

*(Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine:)*

Dada ananiambia unajisifu huko kinyozini kwamba umeniokoa mguu. Mguu wa nini?

*22 Juni*
*Kibanda cha vifaa*

Kwa mke wangu aliyeniacha,

Marehemu anakusalimu. Huku ahera si pabaya, ila kuna vumbi jeusi la mpira na kinyozi ni yule yule.

Nilijisifu kweli. Nilipopata barua ya dada yako nikaacha. Nimekaa nayo siku nyingi kwenye kibanda. Niliisoma mpaka nikaijua, na kila nikifika pale pa mpasuaji nasoma kwa kasi, nikidhani nitapita bila kuonwa. Yule mama alishakuweka. Alishakuweka, nami nikakutoa kwa mdomo huu ambao haujawahi kumfaa mtu. Nyasi nilizitoa ili ukimbie, na wewe nikakutoa usikimbie. Hata katapila ile ilifanya kazi moja tu.

Mechi ilichezwa, kama dada yako hakukuambia. Kulia alicheza msichana mmoja mfupi kutoka sijui wapi. Alianguka akaacha ngozi ya paja kwenye plastiki, akainuka, akafunga. Amechaguliwa. Jukwaa lilishangilia, na mimi nikashangilia, kisha nikakumbuka nikakaa. Alicheza vizuri, siwezi kukudanganya. Mechi ilipokwisha nilifagia ule upande. Ngozi ya mtu haifagiliki kirahisi, inashikana na zile chembe.

Jua la sasa linaiwasha plastiki mpaka inanuka kama sufuria iliyosahauliwa. Juzi niliivuka peku kwa ubishi, kutoka kona hadi kona, kuona wewe ulikuwa unakanyaga nini. Nimeungua nyayo. Katibu aliniona narukaruka, akasema mzee anacheza ngoma. Nilikuwa nasikiliza miguu.

Umeniuliza mguu wa nini. Nimelifikiria hilo kwa akili yangu yote ya darasa la sita. Jibu la maana sina. Ninalo moja la kijinga: wa kunipigia teke. Mgongo ninao, upo, haujachoka. Ukija nitasimama mbele yako moja kwa moja, hutahitaji kugeuka.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe ningejua umedanganya tena, na sasa nimejifunza kuutambua uongo wako.

Nina ombi dogo, na si sadaka, ni haki yangu. Ulipokuwa mdogo hukukubali mtu yeyote akukate kucha. Mama yako akishika wembe, jirani wanakuja na ndoo wakidhani nyumba inaungua. Ilibidi niwe mimi. Kila wiki nakuweka mapajani, nakukata kucha za mikono na miguu, na kila ukucha nikiumaliza wewe unaniuma sikio. Sikukudai kitu. Sasa nadai.

Kucha zangu za miguu zimekuwa ndefu, zinatoboa soksi. Mgongo haujikunji, mikono inaishia magotini. Nyayo zimeungua, sivai kiatu. Kinyozi amekataa, anasema wembe wake una heshima zake.

Njoo unikate kucha. Si lazima unisalimie. Si lazima unitazame, kucha ziko mbali na uso. Ukinikata nyama sitapiga kelele, au nitapiga kidogo tu, ili ujue umefanya. Lori la saruji linarudi huku Alhamisi, dereva nimemwambia akuache kiti cha mbele, unyooshe mguu.

Mkasi uje nao. Wangu una kutu.

Babu